Maswali ya wasomaji: Mahindi yabaki ghalani, pesa ipatikane sasa

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja lenye pande mbili: namna ya kuhifadhi nafaka isiharibike, na namna ya kukopa kwa dhamana yake badala ya kuiuza siku ya kuvuna. Tumeyafupisha bila kugusa kiini.

Nimevuna magunia 20 ya mahindi ya kuuza. Bei ni ya kutupa, lakini binti yangu anaripoti kidato cha tano Julai hii na duka la pembejeo linanidai. Nasikia mtu anaweza kuweka mahindi ghalani akapewa mkopo. Utaratibu ukoje, na unalipa kweli?
*Msomaji, Namtumbo, Ruvuma*

Utaratibu upo. Ni mfumo wa stakabadhi za ghala, unaoongozwa na Sheria Na. 10 ya mwaka 2005. Ghala linalotoa stakabadhi hizo lazima liwe na leseni ya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Wengi wanaufahamu kupitia korosho za Mtwara, ulikoanza kutumika kwa zao hilo mwaka 2007, na baadaye ufuta na mbaazi. Kwa mazao hayo ghala ni mahali pa kupitia tu: mzigo unaingia, unanadiwa, wiki chache baadaye umeondoka. Wewe unataka kitu kingine, yaani mzigo ukae miezi mitano au sita. Kwa hiyo ukienda AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, uliza mambo mawili kabla ya kukodi gari: je, leseni ya ghala inahusu na mahindi, na je, kuna benki au SACCOS (chama cha akiba na mikopo) yenye makubaliano na ghala hilo? Pasipo mkopeshaji utapata stakabadhi, lakini mkopo hutauona.

Mzigo ukifika hupimwa uzito, unyevu na ubora: takataka, punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizooza. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukizidi hapo unarudishwa kwenye turubai, na nauli ya kurudi ni juu yako. Ukipokelewa, unaandikiwa stakabadhi yenye sehemu mbili, moja ya umiliki na nyingine ya dhamana. Ukikopa, ile ya dhamana inabaki kwa mkopeshaji, na mwendesha ghala haruhusiwi kuachia hata gunia moja mpaka deni limalizike. Mnunuzi akipatikana, malipo yanapitia kwa mkopeshaji, anakata chake, wewe unapokea kilichobaki.

Usiondoke dirishani kabla ya kuisoma karatasi hiyo. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Uzito uandikwe kwa kilo. Ukiona pameandikwa "magunia 20" bila kilo, kataa, kwa sababu gunia si kipimo; kwa lumbesa tunazozijua, magunia mawili yanaweza kupishana kwa debe zima. Angalia pia daraja, unyevu, tarehe, ada ya kuhifadhi kwa mwezi, na kama bima ya moto na wizi imo ndani ya ada hiyo au inakatwa peke yake.

Sasa hesabu. Bei tulizoweka ni za mfano, weka za kwenu. Magunia 20 ya kilo 100 ni kilo 2,000. Kwa Sh 600 kwa kilo, ukiuza leo unapata Sh 1,200,000. Mkopeshaji hatakupa yote, kwani naye anaogopa bei kushuka. Tuseme anatoa asilimia 60, yaani Sh 720,000. Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa miezi sita ni Sh 64,800. Ada ya ghala Sh 500 kwa gunia kwa mwezi ni Sh 60,000. Usafiri hadi ghalani Sh 40,000, magunia mapya Sh 20,000. Jumla ya gharama ni Sh 184,800. Toa na asilimia 1 ya uzito inayopotea kwa kukauka na kumwagika, utabaki na kilo 1,980 za kuuza. Ili urudi pale pale ungekuwa leo, bei ya Januari inapaswa kufika karibu Sh 700. Ikifika 850, umepata Sh 298,200 zaidi ya kuuza leo. Ikiishia 650, umepoteza Sh 97,800, na hiyo ni baada ya kusubiri nusu mwaka.

Hasara hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na mikoa yenye ziada kama Ruvuma na Rukwa ikabaki na mzigo usio na mnunuzi. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, ingawa zuio lililegezwa siku chache baadaye kwa masharti. Bei ya msimu mkavu hupanda miaka mingi, lakini si kila mwaka. Ndiyo maana tunashauri uombe stakabadhi mbili za magunia kumi kumi badala ya moja ya ishirini. Moja ukope juu yake, nyingine iwe huru, uiuze wakati wowote bei ikifikia kiwango ulichopiga hesabu. Magunia kumi kwa mfano wetu yanatoa mkopo wa Sh 360,000. Kama mahitaji ya binti na deni la duka vinatimia humo, usikope zaidi.

Jambo linalowaangusha wengi ni tarehe ya marejesho. Mkopo wa miezi mitatu uliochukuliwa Julai unaiva Oktoba, wakati bei Ruvuma bado haijachangamka, na mkopeshaji ana haki ya kuuza mzigo wako kwa bei ya siku hiyo. Omba miezi sita au saba tangu mwanzo. Kuongezewa muda baadaye ni hisani, na mara nyingi huja na tozo.

Na kabla hujapeleka chochote ghalani, tenga chakula. Kipimo cha haraka ni gunia moja kwa mtu mzima kwa mwaka. Mahindi yaliyowekwa dhamana hayafunguliwi Februari kwa sababu debe la nyumbani limeisha.

Pengine utaambiwa mkopo wa mlanguzi ni rahisi kwa kuwa hauna fomu. Anayekupa Sh 200,000 mwezi Februari ili umpe magunia matano Julai amekukopesha kwa riba kubwa mno: kwa bei ya Sh 600, magunia hayo ni Sh 300,000, yaani asilimia 50 kwa miezi mitano. Kwa riba ya mfano wetu wa ghala, mkopo huo huo ungekugharimu Sh 15,000.

Nilinunua mifuko ya PICS, ile ya matabaka matatu, sikuweka dawa kama tulivyofundishwa. Baada ya miezi mitatu, mifuko mingine imetoa mahindi mazuri kabisa, mingine inanuka kama pombe na punje zina ukungu. Nimeuziwa mifuko bandia?
*Mama mkulima, Mbozi, Songwe*

Pole, mama. Harufu ya pombe inatueleza kwamba mahindi yaliingia mabichi. Mifuko yote ingekuwa bandia ungekuta dumuzi na fukusi wanatembea ndani, si ukungu.

Mfuko huu unaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Mifuko miwili ya nailoni ya ndani inazuia hewa ya nje. Wadudu walio ndani wanaitumia iliyopo mpaka inapungua sana, wanaacha kula, kisha wanakufa. Lakini nailoni hiyo hiyo inayozuia hewa kuingia inazuia na unyevu kutoka. Kwenye gunia la kawaida mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 yanaendelea kukauka kidogo kidogo. Kwenye PICS yanabaki na 15 yake mpaka siku ya kufungua. Kwa hiyo mfuko huu unadai mahindi makavu zaidi, asilimia 13 au chini ya hapo. Mifuko yako iliyosalimika huenda ilijazwa kutoka turubai lililoanikwa siku nyingi zaidi, au sehemu ya ua inayopata jua la mchana kutwa.

Kung'ata punje kusikia kama inalia "ka!" kunasaidia, ila hakutofautishi 13 na 15. Kama kikundi chenu hakina kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu kabisa, yenye mfuniko. Weka mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani ikawa kavu. Funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, upo chini ya 15, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanajaza mifuko siku hiyo hiyo. Kwa PICS anika tena siku moja au mbili za jua kali baada ya chumvi kuacha kunata.

Unapoanika, tandaza kwenye turubai, si kwenye udongo, unene usizidi sentimita nne, ugeuze kila nusu saa au zaidi kidogo. Jioni kusanya na ufunike kabla ya umande. Na usijaze mfuko mahindi yakiwa bado na joto la jua: yanatoa jasho usiku, matone yanaganda kwenye nailoni, na ukungu unaanzia hapo, kwa juu na pembeni. Yaache kivulini yapoe kwanza.

Tunajua kwa nini watu hawakaushi vya kutosha. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13 zinabaki kilo 94 na kidogo. Anayeuza leo kwa mlanguzi asiyepima unyevu anaona kilo sita zimepotea bure. Kwa anayehifadhi, kilo hizo ni maji, na maji hayo ndiyo yaliyokuharibia mifuko.

Kufunga nako kuna namna yake. Puliza mfuko wa ndani kabisa, ubane mdomo, usikilize kama unavuja. Pepeta mahindi kuondoa vipande vya magunzi, maana ncha zake hutoboa nailoni. Jaza huku ukishindilia pembe, acha shingo ya sentimita 30 hivi. Kamua hewa ya juu, sokota shingo, ikunje katikati, funga kwa mpira au kamba juu ya mkunjo. Fanya vivyo hivyo kwa mfuko wa pili, kisha gunia la nje. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, pasipo na panya wala jua. Usifungue kuonja kila wiki. Kila ukifungua unawapa wadudu hewa mpya.

Mahindi yenye ukungu usiyachanganye na mazuri, wala usiwape kuku au ng'ombe. Sumukuvu haiishi kwa kupika, kukaanga wala kusaga, na ng'ombe huipitisha kwenye maziwa. Kukoboa huipunguza, hakuimalizi. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 yaliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, hivyo kuchambua punje zenye rangi kunapunguza hatari tu. Yafukie.

Jirani anatumia vile vidonge vya kijivu vya kuua wadudu, anaweka kimoja kwenye kila gunia chumbani kwake. Vinafanya kazi haraka. Na mimi nitumie?
*Msomaji, Kongwa, Dodoma*

Hapana, na jirani mwambie leo atoe magunia hayo chumbani na asilale humo. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua watu kama inavyoua wadudu. Ni vya mafukizo ya kitaalamu, chini ya turubai lililozibwa pande zote, na watu wenye mafunzo na vifaa vya kujikinga. Zaidi ya hayo, kwenye gunia la kawaida gesi hutoroka kabla ya kuua mayai, na wadudu wanaosalia huzaa kizazi sugu.

Dawa ya unga inakutosha kwa magunia ya nyumbani. Tafuta yenye viambata viwili, kwani fukusi na dumuzi hawauliwi vizuri na kiambata kimoja. Hakikisha ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na tarehe haijapita, fuata kipimo cha kwenye pakiti, changanya kwenye turubai kwa koleo mpaka unga usambae sawasawa. Pukuchua mahindi mapema: dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo kwenye gunzi. Magunzi ya mwaka jana na miti ya kihenge cha zamani yenye matundu ichome, kwani mdudu huyu hujificha hata ndani ya mbao.

Tuko wakulima 34 wa mpunga. Ghala lenye leseni liko mbali. Tuna stoo ya kijiji iliyo wazi, na SACCOS yetu iko tayari kukopesha. Tunaweza kuanzisha wenyewe?
*Katibu wa kikundi, Mbarali, Mbeya*

Mnaweza, mradi msiite karatasi zenu stakabadhi za ghala. Hilo linahitaji leseni. Mtakachofanya ni mkopo wa SACCOS wenye dhamana ya mpunga uliofungiwa. Huko Niger wakulima wa mtama na uwele wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1999, na nguzo yake ni kufuli mbili: moja ufunguo uko kwa kikundi, nyingine kwa mkopeshaji. Mlango haufunguki bila wote wawili. Kufuli zifungwe kwenye vyuma viwili tofauti. Tumeona stoo yenye kufuli mbili kwenye komeo moja, ambapo bawaba zilitolewa kwa bisibisi na kufuli zote zikabaki zimefungwa vizuri.

Hifadhini mpunga, msihifadhi mchele. Ganda linakinga punje. Ukaushwe hadi asilimia 14 au chini kidogo, lakini si kwa pupa: mpunga uliochomwa na jua kali kwenye sakafu ya saruji hupasuka ndani, na mashineni hutoka chenga. Mchana wa jua kali upunguzieni makali kwa kuugeuza mara nyingi au kuufunika kwa muda.

Kila gunia lipimwe kwa mizani siku ya kuingia, lishonwe, liandikwe namba ya mwanachama, aina ya mbegu na kilo. Mpunga wa kunukia usichanganywe na mwingine hata kama mwenyewe anakubali, kwa sababu siku ya kuuza bei ya rundo zima itafuata ule wa chini. Pangeni juu ya chaga, acheni nusu mita ukutani na mita moja chini ya dari ili mtu aweze kupita na kuona panya, mchwa au bati linalovuja. Ukaguzi ufanywe kila baada ya wiki mbili na wenye funguo wote wawili, na daftari lisainiwe papo hapo. Daftari lenye saini za mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko wa mkupuo mmoja halimlindi mtu.

Vikundi vingi havivunjwi na wadudu. Vinavunjwa na mwanachama mwenye msiba anayeomba gunia moja "la haraka", mwenyekiti anayemhurumia, na wengine watatu wanaofuata. Wekeni kwenye sheria ndogo siku mbili za kutoa mzigo kwa mwezi, na atakayetoa alipe kwanza sehemu ya mkopo inayolingana na kilo anazotoa. Mfuko wa misiba uwe kando, na pesa zake ziwe kando. Na SACCOS isikubali kukopesha kwa bei mnayotarajia Januari. Ikopeshe kwa bei ya siku mzigo unapoingia, pungufu ya asilimia 30 au 40.

Sisi huku Kenya utaratibu huo upo?
*Msomaji, Kitale*

Upo. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2019, ikaunda baraza la kuusimamia, na maghala ya NCPB, bodi ya nafaka ya Kenya, ni miongoni mwa yanayopokea mahindi. Hesabu ni ile ile, ila gunia lenu ni kilo 90, na mavuno ya Trans Nzoia huangukia Oktoba hadi Desemba, mara nyingi mvua ikiwa bado haijakata. Gharama ya kukausha kwa mashine inaweza kumeza sehemu ya faida. Uliza ada ya kukausha kabla ya kupakia lori, na upime unyevu shambani usije ukalipia safari ya maji.

Mfuko wa PICS unatumika misimu mingapi?
*Msomaji, Babati*

Miwili hadi mitatu ukitunzwa. Ukimaliza, ugeuze ndani nje, ukung'ute, uanike kivulini, uukunje na kuuhifadhi panya wasikoufikia. Msimu ukianza upulize tena. Tundu dogo la nailoni ya ndani zibe kwa gundi ya utepe pande zote mbili. Ikiwa imechanika, chukua nailoni nzima kutoka mfuko mwingine uliochoka uziunganishe kuwa mfuko mmoja mzima. Zilizobaki zitumie kufunikia turubai la kuanikia mvua ikinyesha.